Merikani, Mbata na Kidato cha Pili

Mwanafunzi wa kidato cha pili pale Msambweni atakuchorea pembetatu ya biashara ya Atlantiki bila kusita. Ataanzia Liverpool, ateremke Afrika Magharibi na bunduki na nguo, avuke na watu hadi visiwa vya Karibi, kisha arudi Uingereza na sukari na pamba. Mishale yake imenyooka, maana mchoro huo una alama zake katika mtihani. Sasa mwulize: gari la Lunga Lunga likishapita Ramisi linafika wapi? Atakwambia Kanana. Ukikata kushoto hapo? Shimoni. Na Shimoni kuna nini? "Pweza," atajibu mmoja, na darasa zima litacheka. Mwingine atasema pomboo, kwa kuwa mjomba wake hupeleka watalii Kisite. Pango nalo watalitaja, hawajalisahau, ila watalitaja kama mahali pa ziara ya shule na pa kupigia picha. Kwamba lina chochote cha kuhusiana na ile pembetatu, hilo halimjii mtu akilini.

Mimi nafundisha masomo mawili, Kiswahili na Historia, mseto walio nao walimu wengi nchini. Ratiba ya shule hutukata katikati. Asubuhi naingia na fasihi simulizi: hodiya ni nyimbo za kazi, wawe ni za wakulima, kimai ni za mabaharia, mbolezi ni za kilio. Wanafunzi wanakariri, wanataja sifa za kila moja na umuhimu wake kwa jamii. Baada ya chai ya saa nne narudi darasa lile lile, ubao haujafutwa vizuri, naanza kueleza biashara ya masafa marefu: pembe, watumwa, sandarusi, nguo, shanga. Hakuna anayeunganisha, na kwa miaka mingi hata mwalimu hakuunganisha. Mabaharia wa kimai wanasafiri na vyombo vitupu, hawana shehena wala tajiri anayewangoja bandarini. Wakulima wa wawe wanalima bila soko wala kodi. Nao wafanyabiashara wa kitabu cha historia wanapita kimya, misafara mizima kutoka Vanga hadi Kilimanjaro, miezi na miezi njiani, bila hata mpagazi mmoja kufungua kinywa akaimba.

Wimbo ni shahidi, na shahidi huhojiwa. Aweza kusema kweli, aweza kuficha, aweza kuwa amelipwa. Aliyeimba ni nani? Alimwimbia nani? Nani alikuwa karibu akisikiliza ambaye hakutakiwa aelewe? Kitu gani kimetajwa kwa jina, na kipi kimerukwa? Maswali haya wanahistoria huziuliza barua za mabalozi na vitabu vya forodha. Sioni kwa nini wimbo wa mama wa Gazi usipewe heshima hiyo hiyo.

Nasisitiza neno heshima kwa sababu ya desturi iliyozagaa ya kuutumia wimbo kama asali ya kumezea dawa. Historia ni chungu, inasemekana, basi itiwe vina watoto waimeze. Kila mwaka shule za Kwale hujiandaa kwa Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza 1927, enzi za ukoloni. Ngoma zetu za sengenya zinasifika, na kwa haki: ngoma zinapangana, zumari inalia, mabinti wanacheza mpaka waamuzi wanasahau kalamu zao. Halafu hupanda jukwaani kundi la shairi la kukariri, na shairi lenyewe linahusu utumwa. Mishororo inatuambia kwamba utumwa ulikuwa mbaya, mikono inanyooshwa juu kwa pamoja, sauti zinashuka kwa pamoja. Hapo utamu upo, ushahidi haupo. Noti za historia zimevalishwa kanzu tu. (Tusisahau mada za wadhamini pia: kuweka akiba, kutunza mazingira, kulipa kodi. Nimesikia watoto wakiisifu kodi kwa sauti nne za kwaya. Sijasikia bado mwalimu akiwauliza watu wa mwambao huu waliimba nini kodi ya nyumba ilipoanza kutozwa mwaka 1901.)

Mimi huanza na hando. Kabla ya wimbo wowote, nawaambia mabinti wa sengenya walete hando lao darasani, walitandaze juu ya madawati mawili. Ni rinda la kina mama wa Kimijikenda, limekunjwa mikunjo juu ya mikunjo mpaka nyonga zinaonekana zimejaa, na ngoma ikikolea linacheza lenyewe. Ukilifungua utashangaa jinsi lilivyomeza nguo. Tunaipima kwa dhiraa, kutoka kiwikoni hadi ncha ya kidole cha kati, kila mwanafunzi na mkono wake, na kila mmoja anapata jibu lake. Ubishi huo peke yake ni somo: ukiuziwa nguo kwa dhiraa, mkono unaopima ni wa nani? Kisha nauliza swali lililonifanya nilitake hando darasani. Pamba hii haikulimwa Kinondo wala kufumwa Mwabungo. Ilitoka wapi?

Mwaka 1833 Sultani Seyyid Said bin Sultan alifunga mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 balozi wao wa kwanza, Richard Waters, akafika Unguja. Alikuwa mtu wa Salem, bandari ndogo ya jimbo la Massachusetts, na merikebu za Salem zilileta kitambaa kizito cha pamba kisichotiwa rangi. Watu wa pwani na wa bara wakakipenda kwa kuwa hakichakai upesi. Hadi leo, ukiagiza merikani dukani unaeleweka. Merikebu ziliporudi zilibeba pembe, na zilibeba sandarusi, ile gundi ya kale inayochimbwa ardhini kwenye mwambao wetu na Mrima yote. Salem kulikuwa na kiwanda cha kuisafisha kabla haijapikwa kuwa vanishi. Pembe nazo ziliishia jimbo jirani la Connecticut, katika vijiji vya Deep River na Ivoryton, zikakatwa vipande vyembamba, zikabandikwa juu ya vidole vya piano. Hili la piano huwafurahisha wanafunzi kuliko yote, maana waliwahi kuiona moja kwenye ukumbi wa tamasha, nyeupe na nyeusi, wakakatazwa kuigusa.

Turudi kwenye pamba. Pamba ya viwanda vya Massachusetts ililimwa katika majimbo ya kusini ya Marekani, na waliolima walikuwa watumwa, wana na wajukuu wa watu waliovushwa Atlantiki katika ile pembetatu ya mtihani. Kwa hiyo nguo iliyoanzia mikononi mwa Mwafrika mtumwa kule ilikuja huku kununulia pembe, na kununulia Waafrika wengine watumwa. Mada mbili ambazo kitabu kimezitenga kwa kurasa kadhaa zilikuwa zimeshonwa pamoja kwa uzi huo huo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, viliikata pamba, nguo za Bombay na Manchester zikajaza nafasi, lakini jina merikani likabaki palepale. Siku nilipochora mshale wa nne, kutoka Salem hadi Unguja hadi Vanga, darasa lilinyamaza. Kisha kijana mmoja wa nyuma akauliza kama mshale huo una alama.

Hauna.

Baada ya hando ndipo huja kazi ya nyumbani. Nawaambia waende kwa bibi zao, wa damu au wa mtaa, wakasikilize nyimbo. Nawakataza kuniandikia wimbo mzima, kwanza kwa sababu wengi wataubuni njiani, na pili kwa sababu wimbo wa mtu si wa kuchukuliwa kama nazi iliyoanguka. Nataka mambo matatu tu: kitu gani cha dukani kimetajwa, nani anampa nani, na mwimbaji anasifu au anasuta.

Wanaporudi, nyingi ya nyimbo huwa ni za harusi, na nyingine za kubembeleza watoto, na vitu vya dukani havikosekani: leso, sabuni, sukari, sanduku, kitanda. Aliyeimba hakuwa akieleza biashara. Alikuwa akimcheka mwanamume aliyekuja na leso moja wakati leso huuzwa kwa jozi, au akimjulisha mkwe kwamba nyumba hii si ya kuingiwa mikono mitupu. Kitabu cha historia kinaiita nguo bidhaa iliyoingizwa kutoka nje. Katika vinywa vya akina mama, nguo ndiyo kipimo cha adabu, na asiyeileta hana heshima. Ukilitafakari hili, utaelewa jambo ambalo kitabu hakilisemi. Mkoloni alipotaka vijana waende mashamba ya mikonge na ya miwa, au kwenye reli, kodi ilimsaidia, lakini leso nayo ilimsaidia. Kijana angeweza kumkwepa karani wa kodi msituni wiki mbili. Shangazi wa mchumba hakwepeki.

Leso nazo huzungumza zenyewe. Mombasa kuna duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanza mwaka 1887, na leso zake zenye chapa ya Mali ya Abdulla zimefungwa viunoni pwani nzima. Jina la leso lina fumbo, rangi yake ina maana, na msemo ulioandikwa pale chini mwanamke huununua ili amrushie mwenzake bila kufungua mdomo. Wanafunzi hawashangai nikiita hiyo fasihi. Hushangaa nikiuliza nani aliamua msemo gani uchapwe na msemo gani usichapwe, na kwa bei gani.

Washairi wenye majina ni wepesi kuwahoji kwa sababu twajua walikaa wapi. Muyaka bin Haji aliishi Mombasa ya Wamazrui, akafa mnamo 1840, miaka michache baada ya mabwana wake kung'olewa na Seyyid Said. Waliosalia katika ukoo ule walihama, wengine Takaungu, wengine Gazi hapa kwetu. Hao wa Gazi ndio waliomtoa Mbaruk bin Rashid, aliyepigana na Waingereza 1895 na 1896 mpaka akavuka mpaka kwa Wajerumani, na nyumba yake Gazi ikaja kutumiwa kama shule. Mashairi ya Muyaka yalihifadhiwa na Mwalimu Sikujua, yakapita mikononi mwa wamisionari na wasomi wa Kizungu, na diwani ikachapishwa Johannesburg mwaka 1940. Mjini Mombasa yalipotungwa hayakuchapishwa. Nawaambia wanafunzi kwamba shairi nalo husafirishwa, na kwamba mzigo huu nao ulipitia njia ile ile ya pembe: umetoka hapa ghafi, umerudi umefungwa kitabu, tunaununua.

Jirani yetu wa kusini, Hemedi bin Abdallah el-Buhriy wa upande wa Tanga, alitunga utenzi wa vita vya Wadachi kuitwaa Mrima. Huu naupenda kwa darasa la historia kuliko sura yoyote ya kitabu, kwa sababu vita vya 1888 vilipasuka kampuni ya Wajerumani ilipokwenda kushika forodha za pwani na kupandisha bendera yake. Wanafunzi wamezoea kuambiwa kwamba watu walipigania uhuru. Hapa wanaona watu waliokasirishwa kwanza na suala la nani akae mezani bandarini, nani ahesabu mizigo, nani avute ushuru. Mtunzi ana upande, hajifichi, na hilo ni jema kwa shahidi: ukijua anakoegemea unajua pa kumkamata. Wapo pia washairi wa zama hizo waliowasifu Wajerumani, na msomi wa Kijerumani Carl Velten akazikusanya tungo zao akazichapisha Ulaya. Huwa naziweka tungo za namna hizo mbili mbele ya darasa na kuuliza nani alimlipa nani. Wengine hudhani wa kulipwa ni yule tu anayesifu. Baadaye wanagundua kwamba hata anayelaani ana hadhira inayomlisha.

Na Shaaban Robert. Vitabu vya shule humtaja kama baba wa hekima, na picha yake yenye koti inaning'inia kwenye mawazo ya kila mwalimu wa Kiswahili. Hawasemi vya kutosha kwamba kuanzia 1926 hadi 1944 alikuwa karani wa forodha katika Tanganyika ya Waingereza. Karibu miaka 20 huyu bwana aliamka asubuhi akaenda kuhesabu shehena za watu wengine. Ukimsoma ukitafuta orodha ya mizigo hutaiona. Lakini soma Kusadikika, kilichotoka 1951, mwone Karama anayeshtakiwa kwa kufundisha sheria, akisimama mbele ya wakubwa siku baada ya siku akijitetea kwa subira na kwa adabu kupita kiasi. Adabu ile naiona ni ya mtu aliyefanya kazi muda mrefu katika ofisi ambayo bosi wake hakuweza kukosea. Wenzangu wa fasihi watasema nimevuka mpaka. Wacha waseme.

Shimoni ndiko mbinu yangu inakokwama.

Mwaka 1873 Sultani wa Unguja, Seyyid Barghash, akiwa ameshinikizwa na Waingereza, alipiga marufuku biashara ya watumwa baharini na kulifunga soko la Unguja. Biashara haikufa, ilishuka kwenye majahazi ikatembea kwa miguu. Watu waliotolewa pande za Kilwa waliswagwa kaskazini kwa njia ya pwani, Pangani, Vanga, Gazi, kuelekea mashamba ya Takaungu na Malindi. Mwaka 1876 Barghash akapiga marufuku misafara hiyo pia, na bado kwenye pwani ya Kenya hali ya utumwa haikufutwa kisheria mpaka 1907. Ukiingia pango la Shimoni, mwongozaji atakuonyesha vyuma vilivyopigiliwa kwenye jiwe la matumbawe na kukueleza kwamba waliofungwa hapo walikuwa wakingoja chombo cha Unguja. Kuna giza, kuna popo, na maji ya bahari huingia kwa chini. Mwongozaji akimaliza hutaja wimbo. Roger Whittaker, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1936 na kufariki 2023, alitunga wimbo wa Kiingereza kuhusu pango hilo, akauita kwa jina la mahali hapo.

Wanafunzi wangu waliusikiliza kwenye simu, ndani ya basi, wakati wa kurudi. Ni wimbo wa huruma, sauti yake nzito inajulikana. Msichana mmoja akauliza, "Mwalimu, na wa hapa uko wapi?"

Nilidhani ni swali la kazi ya nyumbani. Niliwatuma wenye jamaa Shimoni, Wasini, Mwazaro na Vanga. Walirudi na nyimbo za uvuvi, za harusi, za maulidi. Za pango, hakuna. Mmoja alisema bibi alimwitikia vizuri mpaka swali hilo lilipofika, kisha akamwambia aende akafunge mbuzi, na mbuzi walikuwa wameshafungwa.

Hapo ndipo tulipoanza kuelewa kwamba shahidi huweza kunyamaza, na kunyamaza kwake kuna sababu. Katika miji yetu hii, aliyetokana na bwana na aliyetokana na mtumwa wanaswali safu moja. Wameoana, wamezikana, wamekopeshana nyavu. Wimbo ni jambo la hadhara, na kutaja asili ya mtu hadharani ni tusi lisilofutika. Whittaker aliweza kuimba kwa sababu kesho yake hakuwa na jirani wa Wasini wa kukutana naye kisimani. Simlaumu, na wala simpunguzii. Nawaambia tu wanafunzi wamhoji kama tunavyowahoji wengine: aliimba kwa lugha gani, kwa wasikilizaji gani, na nini kilimgharimu. Ndipo wataona kwamba bibi wa mbuzi naye ametoa ushahidi. Amesema jambo hili bado lina mwenyewe.

Kuna kanuni moja ninayoishika katika somo hili na sitaiacha kwa ajili ya mtaala wowote, ule wa zamani au huu mpya wa umilisi unaotaka mwanafunzi achunguze jamii yake. Simwulizi mtoto asili yake mbele ya wenzake, wala simruhusu mwenzake amwulize. Wapo wanaosema kwamba nyimbo tunazozitafuta zinaimbwa kwingine, katika ngoma za pepo, ambako pepo wa Kiarabu na wa Kizungu huwapanda watu na kudai vitu vyao kimoja kimoja. Huenda. Hiyo ni milango ambayo mwalimu hafungui na darasa la watoto 50 nyuma yake.

Baada ya pango niliona vyema watunge wenyewe, na nikawawekea sharti: usitunge kuhusu biashara, tunga kuhusu kitu kimoja kilichouzwa na mtu mmoja. Nilipata tungo nyingi mbaya, kama ilivyo haki ya mwalimu. Mmoja alitunga kuhusu kiwanda cha sukari cha Ramisi, kilichofungwa 1988 kabla baba yake hajaoa. Mwingine akadai mada yake ni mchanga wa titani uliochimbwa huku Kwale kuanzia 2013 hadi mwisho wa 2024, nikamwambia vizuri, lakini nani aliuuza na alilipwa nini mkononi? Karatasi yake bado ninaingoja. Msichana yule wa kwenye basi alileta ubeti mmoja tu, wa babu yake:

Nazi tumeziangua, mbata tukazianika,
Tajiri akachukua, mizani akaishika,
Babu hakuzitambua, frasila zilizofika,
Leso moja kanunua, na deni likasimika.

Vina vimekaa, mizani imetimia. Kama ningekuwa mwalimu wa Kiswahili peke yake ningempa alama zake na kumsifu. Lakini tulikuwa katika kipindi cha historia, na darasa likaanza kumhoji babu.

Frasila ni kiasi gani? Kama kilo 16. Kwa nini hakuzitambua? Kwa sababu nyumbani alihesabu nazi, dukani kukahesabiwa uzito, na mbata hupungua uzito kila jua linapowaka. Aliyezikausha sana alipata kidogo. Aliyezipeleka mbichi aliambiwa zinaoza. Nikawaonyesha picha ya pesa ya shaba ya mwaka 1888, iliyopigwa kwa ajili ya Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki itumike Mombasa. Upande mmoja una jua lenye taji, upande wa pili umechorwa mizani, sahani mbili zimelingana sawasawa. Walicheka kwa kelele hata mwalimu wa darasa la jirani akaja dirishani.

Kijana mmoja akaona kasoro katika ubeti: mtu mwenye deni hununuaje leso? Msichana akajibu kwamba ilikuwa mwezi wa harusi ya shangazi, na ile moja ni kwa sababu ya pili hakuiweza. Tulikuwa tumeshasikia nyimbo za kumcheka mtu wa leso moja. Hakuna aliyecheka mara hii. Tukaingia katika habari za rehani, jinsi huku kwetu mnazi huweza kuwekwa dhamana au kuuzwa peke yake na ardhi ikabaki ya mwenyewe, hata mtu akawa na shamba la baba yake lililojaa minazi ya watu.

Kisha likaja swali la tajiri. Ni nani? "Mhindi," wakajibu wengi kwa pamoja, upesi mno. Nilichora mstari kutoka duka la Msambweni hadi ghala la Mombasa, hadi melini, hadi watengenezaji wa sabuni wa Ulaya, nikauliza mwenye duka alikopa mali yake kwa nani na bei ya mbata iliamuliwa wapi. Mkono wa mizani haukuwa mmoja. Je, basi ubeti una uongo? Wakagawanyika. Wengine walitaka neno tajiri litolewe, liwekwe kampuni. Msichana akakataa. "Babu aliuona mkono mmoja," alisema, "na mimi nimeandika alichokiona babu. Mkiutaka wa pili, tafuteni aliyeuona."

Alikuwa sahihi, na tukabaki na kazi. Historia imejaa takwimu za mwenye duka na lawama za mwenye duka, lakini katika nyimbo zote walizozileta wanafunzi wangu yeye huimbwa, haimbi. Aliyetoka Kachi akavuka na jahazi wakati wa kaskazi, akalala nyuma ya kaunta Msambweni au Vanga, akiandika madeni ya watu kwenye daftari naye akiwa na daftari lake Mombasa, aliimba nini usiku? Mtoto wake alibembelezwa kwa lugha gani? Kijana wa mshale wa nne akasema karibu na kwao kuna mzee wa Kikachi aliyefunga duka zamani, hukaa barazani jioni, na huzungumza Kidigo kuliko yeye. Ameahidi kwenda kumwamkia na kumwuliza kama babu yake alikuja na wimbo wowote, na kama anaruhusiwa kuusikia.